Chasisi ya moduli, staki au swichi huru: poti 144 za jengo lako la Lubumbashi uzipate wapi?

Kuna swali ninaloletewa mara kwa mara hapa Lubumbashi, na karibu kila mara linakuja na picha ya simu. Pichani kuna swichi ya mtandao: sanduku kubwa la chuma lenye nafasi za moduli, yaani kadi zenye poti za kebo. Limetumika Ulaya, likashuka Durban au Dar es Salaam, likapita mpakani Kasumbalesa, na sasa liko kwenye duka la vifaa mjini likiuzwa kwa bei ya swichi mpya mbili. Anayeuliza ni mhasibu wa shule, msimamizi wa kliniki, au fundi mwenzangu kijana. "Yaya, iko na poti mia moja makumi ine na ine. Tuikamate?"

Sijawahi kulijibu kwa ndiyo au hapana. Poti 144 zinaweza kupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni chasisi moja yenye moduli tatu za poti 48. Ya pili ni staki ya swichi tatu za poti 48 zilizofungwa pamoja zikawa kama kifaa kimoja. Ya tatu ni swichi sita za poti 24, kila moja ikijitegemea, zikiunganishwa kwa faiba, kebo inayobeba data kwa mwanga. Ukitazama kwa mbele tu, zote zinatoa matundu yaleyale. Tofauti iko nyuma, na iko kwenye bili ya betri.

Tunapima nini

Nitatumia vigezo vitano kwa kila chaguo. Cha kwanza ni njia ya ndani: data inayotoka poti ya 3 kwenda poti ya 97 inapita wapi, na inabanana na nani? Cha pili ni umeme, pamoja na joto na vumbi. Cha tatu: kifaa kikifa, nani wanakatika nacho? Cha nne ni usanidi, yaani maarifa na saa unazohitaji ili kiwe sawa na kibaki sawa. Cha tano ni vipuri.

Lakini kuna jambo la kujiuliza kabla ya hayo matano, na wengi hulipita: data yako inageukia wapi? Shule yenye kompyuta mia zinazotoka tu kwenda intaneti ya 20 Mbps (megabiti kwa sekunde) haitajaza njia yoyote ya ndani, hata ya kifaa kibovu kabisa; intaneti itachoka kwanza. Kliniki ni habari nyingine. Picha za eksirei za kidijitali, kila moja makumi ya megabaiti, zinatoka chumba cha picha kwenda seva na kutoka seva kwenda kwa daktari, zote ndani ya jengo. Kamera 60 za ulinzi, kila moja ikituma 4 Mbps, ni 240 Mbps usiku na mchana kuelekea kinasa kimoja. Data inayogeukia ndani ndiyo inayoulizia njia ya ndani. Chukua karatasi, chora mishale ya data yako, kisha endelea kusoma.

Chasisi ya moduli

*Njia ya ndani.* Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Chasisi yenyewe ni sanduku tupu lenye ubao nyuma. Moduli zinachomekwa kutoka mbele, na ubao huo ndio unaozifanya zizungumze. Katika habu za moduli za miaka ya 1990, vifaa vilivyotangulia swichi, ubao ulikuwa na mabasi ya Ethernet, yaani njia za pamoja, mara nyingi zaidi ya moja, na kila basi lilikuwa na 10 Mbps za kugawana wote waliomo. Fundi aliipa kila moduli basi lake, ama kwa kuhamisha jampa (kijipande cha kuunganisha pini) kwenye moduli yenyewe, ama kwa amri ya usimamizi. Moduli mbili za basi moja zilikuwa kama watu wa baraza moja: mmoja akisema wote wanasikia, wawili wakisema kwa pamoja maneno yanagongana na kila mmoja anaanza upya. Moduli za mabasi mawili tofauti hazikuonana kabisa mpaka uweke daraja au ruta katikati. Kazi ya usanidi ilikuwa ni kugawa: uhasibu na seva yake basi hili, madarasa basi lile, ili kelele za huku zisifike kule.

Habu hizo zimepitwa, lakini namna ile ya kufikiri inahitajika hadi leo. Chukua Catalyst 6500 ya Cisco, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo bado naikuta mjini. Nyuma yake kuna basi la pamoja la 32 Gbps (1 Gbps ni 1,000 Mbps). Ukiiwekea moduli ya usimamizi kama Supervisor 720, unapata pia fabriki, yaani njia binafsi kutoka kila nafasi hadi kwenye kitovu, bila kumngoja jirani. Sasa sikiliza vizuri: moduli za zamani zinajua basi tu. Za kizazi kilichofuata zina njia moja ya 8 Gbps kuingia kwenye fabriki. Moduli kama WS-X6748-GE-TX zina njia mbili za 20 Gbps kila moja. Ukiziweka moduli za poti 48 za vizazi tofauti mezani, kwa mbele zinafanana kama mapacha. Hivyo moduli tatu za zamani ni poti 144 za 1 Gbps zinazobanana kwenye basi la 32 Gbps, wakati 6748 moja peke yake ina 40 Gbps zake kwa poti 48.

Kuna mtego mwingine ulio karibu zaidi na uso. Kwenye moduli WS-X6148-GE-TX, kila poti nane zinazofuatana zinagawana 1 Gbps: 1 hadi 8 kundi moja, 9 hadi 16 kundi lingine, na kuendelea. Niliwahi kuitwa na ofisi moja ambako nakala ya akiba ya usiku ilikuwa haijaisha watu wanapofika kazini. Walikuwa tayari kununua seva mpya. Nilipofuata kebo, nikakuta seva iko poti ya 1, kifaa cha akiba poti ya 2, na kinasa cha kamera poti ya 4. Watatu hao, ambao ndio wazito kuliko wote ndani ya jengo, walikuwa wanagombea 1 Gbps moja. Niliacha seva poti ya 1, nikahamishia kifaa cha akiba poti ya 9 na kinasa poti ya 17. Hakikununuliwa kitu chochote, na nakala ikawa inaisha kabla ya alfajiri. Tangu siku hiyo, kazi yangu ya kwanza kwenye chasisi yoyote ni kuuliza poti zimegawanywa makundi gani, kisha kuwatawanya wazito.

Kuchanganya vizazi nako kuna gharama. Supervisor 720 ikiwa na moduli za fabriki pekee inaweza kupitisha pakiti (vipande vya data) milioni 30 kwa sekunde. Ukichomeka hata moduli moja ya zamani inayojua basi tu, uwezo huo unashuka hadi milioni 15. Kwa jengo la kawaida la hapa hata hiyo nusu ni nyingi, na sitaki kumtisha mtu. Ila ni vizuri ujue kwamba mgeni mmoja anabadilisha mwendo wa nyumba nzima. Amri `show fabric switching-mode` itakuambia moduli zako zinatembea kwa njia ipi, na `show catalyst6000 traffic-meter` itakuonyesha basi limejaa kiasi gani sasa na lilifika kilele gani.

Nafasi nazo si sawa. Kwenye 6506 na 6509, miili ya familia hiyo ya 6500, Supervisor 720 inakaa nafasi ya 5 au ya 6, si pengine, wakati Supervisor 2 ya zamani ilikaa ya 1 au ya 2. Kwenye 6513, ile ndefu ya nafasi 13, nafasi ya 1 hadi ya 8 zina njia moja tu ya fabriki, na ni ya 9 hadi ya 13 zenye njia mbili. Mtu anayenunua 6513 akidhani atajaza moduli za 6748 kila mahali atagundua kwamba zinaingia nafasi tano tu. Swali hilo uliulize dukani, kabla hujatoa dola.

HP walipita njia yao. Chasisi yao ya 5406zl ina nafasi sita zinazotajwa kwa herufi, A hadi F, na moduli za poti 24 zikijaa zinatoa 144 kamili. 5412zl ina nafasi 12. Hapo mtego uko kwenye matoleo ya moduli. Familia ya baadaye, 5400R, inapokea moduli za v2 na za v3, lakini ili moduli za v3 zitoe uwezo wake wote lazima ukatae v2 kwa amri `no allow-v2-modules` na kuwasha kifaa upya. Ukishafanya hivyo, moduli ya v2 iliyobaki humo haifanyi kazi tena. Ni somo lilelile: mzee mmoja ndani anawalazimisha wote watembee kwa mwendo wake.

Na unapochomeka moduli kwenye kifaa kinachofanya kazi, isukume mara moja mpaka mwisho, kwa mkono usiosita, kisha funga lachi zote mbili. Kwenye 6500 basi husimama kwa muda mfupi wakati moduli inapoingia. Moduli iliyoachwa nusu ndani nusu nje inaweza kulishikilia basi na kuangusha mtandao mzima.

*Umeme.* Hapa chasisi inaumia zaidi katika jiji letu. Supervisor 720 inakula karibu 300 W, na moduli ya poti 48 ya kizazi chake nayo iko jirani ya hapo. Moja ya usimamizi na tatu za poti, ongeza feni, unafika kama 1,300 W bila kulisha umeme hata simu moja ya mezani kupitia kebo ya mtandao. SNEL, shirika letu la umeme, wakikata kwa saa nane, hiyo ni 10.4 kWh. Betri ya asidi ya 12 V na 200 Ah ina 2.4 kWh, na ukitaka iishi usiinyonye zaidi ya nusu. Unahitaji betri tisa, na hapo sijahesabu kinachopotea kwenye inveta. Kijana mmoja aliyenisaidia kuibeba aliliona hilo kabla ya hesabu: "Yaya, hii mashini itakula kuran yote." Alisema kweli.

Kuna jambo la usanidi hapa ambalo halipaswi kuachwa. Pawa saplai mbili zinaweza kuwekwa zisaidiane au zingojeane. Zikingojeana, uwezo unaohesabiwa ni wa moja tu, na moja ikifa hakuna kinachozimika. Zikisaidiana, unapata uwezo mkubwa zaidi, lakini moja ikifa kifaa kinaanza kuzinyima umeme baadhi ya moduli. Angalia kwa `show power`. Kwa mji wenye delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ningeziacha zingojeane, moja kwenye laini ya SNEL kupitia stabilaiza, nyingine kwenye inveta. Uhuru huo swichi ndogo nyingi hazina. Supervisor 720 inadai pia feni za kizazi cha pili na pawa saplai ya 2,500 W au zaidi, na zile za 3,000 W zinatumia kebo nene ya C19, siyo ile ya kompyuta ya kawaida. Na vumbi jekundu la kiangazi linapenda feni hizo: nafasi tupu zote zifunikwe kwa vifuniko vyake, kwa sababu bila vifuniko hewa inapita njia ya mkato na moduli zinachemka.

*Kikifa.* Kuna moduli moja ya usimamizi? Ikifa, poti zote 144 zimekufa. Ukiweka mbili, kwenye nafasi ya 5 na ya 6, ya pili inashika kazi. Moduli ya poti ikifa, unapoteza 48, unachomoa na kuchomeka nyingine bila kuzima jengo. Kuwaka upya kunachukua dakika kadhaa, na kila umeme unapokatika bila akiba unazilipa tena.

*Usanidi.* Anwani moja, faili moja, mahali pamoja pa kuangalia. VLAN, yaani mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa, unaiandika mara moja na inafika kila poti. Kwa fundi mmoja anayehudumia jengo kubwa, hiyo ni raha ya kweli.

*Vipuri.* Ni vya mitumba, na vinapatikana mradi ujue namba kamili ya moduli. "Moduli ya 48" peke yake haisemi kitu. Kwa zile za zamani usitegemee programu mpya ya ndani, kwa hiyo usiuache usimamizi wake ufikiwe kutoka intaneti. Na panga watu wanne wa kubeba.

Chasisi inamfaa mwenye jengo moja, chumba kimoja chenye ubaridi, umeme usioyumba au jenereta inayolipiwa mafuta bila kubishana, na data nzito inayogeukia ndani.

Staki

*Njia ya ndani.* Staki ni swichi kamili kadhaa zilizofungwa kwa kebo fupi maalumu nyuma, zikawa kifaa kimoja chenye jina moja. Kwa maana nyingine, umeutoa ule ubao wa nyuma kwenye sanduku na kuugeuza kuwa kebo. Catalyst 3750 zinaungana hadi tisa, na pete yao, yaani mzunguko wa kebo hizo, ni 32 Gbps. Toleo la Plus ni 64. Kwenye Catalyst 9300 ni 480, swichi nane. Kebo moja ya pete ikikatika, staki inaendelea kuishi lakini kwa nusu ya njia. Fundi asiyeangalia hatajua, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kipo. Zoea `show switch stack-ports`.

Poti za swichi moja zinaongea zenyewe kwa zenyewe kabla ya kugusa pete kwenye familia zilizo mpya kidogo. Kwa hiyo weka seva na watumiaji wake wakubwa kwenye mwili mmoja. Ni ileile kazi ya kuchagua basi, kwa vazi jipya.

*Umeme.* Swichi tatu za poti 48 zisizolisha simu, tuchukulie 120 W kila moja: 360 W. Saa nane ni karibu 2.9 kWh, betri tatu kama zile. Ni mzigo unaobebeka. Nyingi zina pawa saplai moja tu ndani, lakini familia kadhaa zinakubali ya pili.

*Kikifa.* Mwanachama akifa, unapoteza poti zake 48, wengine wanaendelea. Mkuu wa staki akifa, mwingine anachaguliwa. Hapa delestaji inaleta tabia moja ya kuudhi. Umeme unaporudi, swichi hungojeana kwa muda mfupi tu ili kumchagua mkuu. Ile uliyoitaka iwe mkuu ikichelewa, labda kwa sababu iko kwenye plagi nyingine yenye stabilaiza ya kuchelewesha, itakuta kiti kimekaliwa. Zote ziwe kwenye chanzo kimoja cha umeme.

*Usanidi.* Kabla ya kufunga kebo, zipe namba na cheo: `switch 1 priority 15` kwa mkuu, ya pili 14, kwa sababu zote zinatoka kiwandani zikiwa na 1. Programu ya ndani iwe toleo moja kwa zote. Na usiunganishe staki mbili zilizowashwa: upande ulioshindwa utajizima na kuwaka upya mbele ya wateja wako. Unganisha vikiwa vimezimwa, kisha washa. Baada ya hapo ni kifaa kimoja, karibu na raha ya chasisi.

*Vipuri.* Kebo za staki ndizo zinazosumbua. Za 3750 ni za nusu mita, mita moja au mita tatu. Kwanza, hazitoki nje ya chumba, kwa hiyo staki haivuki uwanja kwenda jengo la pili. Pili, ukinunua swichi za mitumba bila kebo zake, umenunua swichi tatu za upweke. Zidai kebo dukani, na ile ya ziada.

Staki inamfaa ambaye poti zake zote zinakuja chumba kimoja, ana fundi wa kuja mara moja kwa mwezi, na anatarajia kukua taratibu: leo mbili, mwakani ya tatu.

Swichi huru

*Njia ya ndani.* Hapa hakuna basi la kushiriki nje ya kila swichi. Njia kati ya swichi na swichi ni ile kebo uliyoivuta mwenyewe. Swichi ya poti 24 ikiwa na faiba ya 1 Gbps kwenda kitovuni, watumiaji 24 wanagawana 1 Gbps. Ikiwa na 10 Gbps, hesabu inakuwa 2.4 kwa 1, na hiyo kwa kweli ni bora kuliko moduli nyingi za zamani zinazouzwa kwenye masanduku makubwa. CRS326-24G-2S+ ya MikroTik ina poti mbili za 10 Gbps, na kitovu kinaweza kuwa CRS317 yenye poti 16 za aina hiyo. Zipange kama nyota, kila moja na faiba yake hadi kitovuni. Ukizifunga mnyororo, ya sita inabeba subira ya zote tano.

*Umeme.* Hizo ndogo zinakula chini ya 30 W, na kitovu chini ya 50. Tukisema 200 W kwa zote, saa nane ni 1.6 kWh: betri mbili. CRS326 ya raki inapokea umeme wa moja kwa moja wa kati ya 10 na 30 V, maana yake inaweza kuishi kwenye mfumo wa sola wa 24 V bila inveta, mradi chaji isivuke 30 V. Na haina feni. Fikiria raki iliyo ukutani kwenye korido ya Katuba mwezi wa Agosti, vumbi likiingia chini ya mlango; kifaa kisicho na feni kinavuta vumbi kidogo sana.

*Kikifa.* Umepoteza 24, na mtu yeyote anayeweza kusoma rangi za kebo anaweza kuibadilisha. Kitovu kikifa, kila kundi linabaki kisiwa, lakini ndani ya kisiwa watu wanaendelea kuchapisha na kusoma mafaili yaliyo humo. Kuna faida nyingine ya faiba ambayo kila msimu wa mvua inanikumbusha: radi. Kebo ya shaba iliyovutwa kati ya majengo mawili inaweza kuleta mshtuko wa radi hadi ndani ya swichi zote mbili. Faiba haipitishi umeme. Kuanzia Novemba hadi Machi, sitaki kuona shaba ikivuka uwanja.

*Usanidi.* Hapa ndipo unapolipia. Swichi sita na kitovu ni vifaa saba, faili saba, VLAN unaiandika mara saba, na ukisahau moja kwenye kiungo kimoja, darasa moja linapotea na hakuna taa nyekundu ya kukuambia. RSTP, kanuni inayozuia data isizunguke bila mwisho kati ya swichi, lazima iwe imewashwa na kitovu kiwe mzizi wake kwa kupewa namba ya kipaumbele iliyo ndogo kuliko zote. Usiliache hilo lijiamulie lenyewe. Andika nambari, nywila na ramani kwenye daftari linalobaki jengoni. Fundi aliyeondoka na maarifa yote kichwani ameacha swichi saba bubu.

*Vipuri.* Nunua nane, yaani moja ya ziada ikae kabatini ikiwa tayari imesanidiwa. Mpya zinapatikana, nyepesi, zinaingia kwenye mzigo wa mkononi.

Zinafaa majengo yaliyotawanyika, umeme usioaminika, na timu yenye nidhamu ya kuandika.

Kwa hali yako

Una shule yenye madarasa kwenye majengo manne, na data yote inakwenda intaneti: swichi huru, faiba kati ya majengo, betri mbili. Basi la 32 Gbps hutalitumia, na bili yake ya umeme utailipa kila siku.

Una kliniki ya ghorofa moja au mbili, picha zinazunguka ndani, kamera nyingi, na fundi wa kuitwa tu: staki ya tatu, seva na kinasa kwenye miili miwili tofauti, kebo ya pete ya ziada kwenye droo.

Una jengo la ofisi mjini lenye jenereta inayowaka yenyewe, chumba chenye kiyoyozi, wapangaji wengi na fundi wa kudumu: chasisi inaweza kukutumikia vizuri, mradi moduli zote ziwe za fabriki, moduli za usimamizi mbili, na pawa saplai zinazongojeana. Hapo uzito wake ni faida.

Una ghala upande wa barabara ya Kasumbalesa, poti thelathini tu, lakini umepewa chasisi bure: hesabu betri kwanza. Bure inaweza kuwa ghali kuliko swichi mbili mpya ndani ya mwaka mmoja. Nimemshauri mtu aliyependa sana sanduku lake aliuze, na lilikuwa neno gumu kumwambia, kwa sababu alikuwa amelisafirisha kwa pesa yake mwenyewe.

Na kama chasisi tayari unayo, imeshafungwa, na mtandao unachoka, usinunue kitu bado. Andika aina ya kila moduli na nafasi iliyokaa. Tafuta poti zake zimegawanywa makundi gani. Tawanya wazito wako watatu au wanne kwenye makundi tofauti, au moduli tofauti kama basi linaruhusu. Soma kipimo cha basi saa tano asubuhi, wakati watu wote wako kazini, siyo jioni jengo likiwa tupu. Halafu ukitaka maoni yangu, usinitumie picha ya mbele ya sanduku. Nitumie `show module` na `show power`, zote mbili, na ule mchoro wako wa mishale.